Fanani Mdogo na Majukwaa Mbadala ya Video: Mafunzo kutoka Kambi ya Ifo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza hali ya mtunzi mdogo wa video anayefikiria kuhama jukwaa au kuongeza jukwaa jingine la kusambazia kazi zake. Mazingira yanayorejelewa ni ya kambi ya wakimbizi ya Ifo, kaunti ya Garissa. Kwa kutumia dhana za fanani, hadhira na tuzo zinazofahamika katika taaluma ya fasihi simulizi, makala yanapendekeza vigezo vitatu vya kupimia jukwaa lolote: hadhira, malipo na hifadhi. Hoja kuu ni kwamba jukwaa mbadala laweza kumpa fanani hadhira, na mara chache laweza kumpa malipo, lakini hakuna jukwaa linalofaa kuachiwa kazi ya kuhifadhi.

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu mwanafunzi wa Kiswahili alilifahamu jukwaa kuwa ni mahali palipoinuliwa, ambapo mwigizaji au mwimbaji husimama ili aonekane na asikike hata na walio nyuma. Siku hizi neno hilo limepanuka kimaana na kujumuisha pia huduma za mtandaoni ambamo watu hupakia video zao ili zitazamwe na wengine. Upanuzi huu wa maana unafaa, kwa sababu huduma hizo nazo humwinua mtu ili aonekane. Hata hivyo, ipo tofauti moja ambayo aghalabu husahauliwa. Jukwaa la mbao lilijengwa na wenyeji, wakalimiliki na wakaamua wenyewe nani apande. Jukwaa la mtandaoni ni mali ya kampuni, nayo kampuni huweza kubadili masharti, kuuzwa au kufungwa bila fanani kuulizwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Msichana mmoja wa Ifo amemaliza shule ya sekondari. Ana simu yenye kamera, na nyumbani ana bibi anayejua ngano nyingi za Kisomali. Anamrekodi bibi akisimulia ngano ya Dhegdheer, lile jimama la sikio refu linalokula watu, ambalo mwanafunzi wa Kiswahili atalitambua mara moja kuwa ni jamaa wa mazimwi wa ngano zetu. Kisha anaweka manukuu ya Kiswahili chini ya video na kuipakia YouTube. Mwaka unapita. Ana ngano kumi, watazamaji wachache, na hajapata hata shilingi moja. Rafiki zake wanamshauri ahame. Je, ahame? Na akihama, aende wapi, akitarajia nini? Swali hili ndilo makala haya yanalojaribu kulijibu.

2.0 Usuli: Ifo na utamaduni wa video

Ifo ndiyo kambi ya kwanza kati ya kambi za Dadaab. Ilifunguliwa mwaka 1991, serikali ya Siad Barre ilipoanguka na watu wengi wakavuka mpaka kuingia Kenya. Dagahaley na Hagadera zilifuata. Kambi hizo tatu zilikusudiwa kuwapokea watu 90,000, lakini wakati wa ukame wa mwaka 2011 idadi ya wakimbizi wa Dadaab ilipita 400,000. Mwaka huohuo kambi ya Ifo 2 ilifunguliwa, nayo ikafungwa mwaka 2018. Mnamo Mei 2016 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba itazifunga kambi zote za Dadaab. Februari 2017 Mahakama Kuu iliamua kwamba hatua hiyo ilikwenda kinyume cha katiba. Historia hii inaonyesha kwamba mkazi wa Ifo anaelewa maana ya kuishi mahali ambapo uamuzi wa kubaki si wake. Tutairudia hoja hii tutakapojadili hifadhi.

Kuhusu lugha, wengi wa wakazi wa Ifo huzungumza Kisomali. Wapo pia wazungumzaji wa Kioromo na wa lugha nyinginezo. Kwa kuwa shule za kambini hufuata mtaala wa Kenya, watoto waliozaliwa huko wamesoma Kiswahili darasani kama wenzao wa Garissa au Machakos. Kwa hiyo fanani kijana wa Ifo ana lugha mbili mkononi, na kila moja ina hadhira yake.

Kuhusu video, utamaduni wake haukuanza na simu. Shirika la FilmAid lilionyesha filamu kambini kwenye viwambo vya wazi na kuwafunza vijana kuzitengeneza. Katika miaka ya mwanzo ya muongo wa 2010, kupitia mradi ulioitwa Dadaab Stories, video za maisha ya kambini ziliwekwa mtandaoni. Aidha, kama ilivyo katika miji mingi ya Kaskazini Mashariki, nyimbo na video zilienea kwa kunakiliwa kutoka simu hadi simu na kwenye kadi za memori. Kadi ya memori, kwa hakika, ilikuwa jukwaa mbadala kabla hatujaanza kulitumia neno hilo.

3.0 Kigezo cha kwanza: hadhira

Katika fasihi simulizi, fanani huijua hadhira yake kwa macho. Huiona ikicheka, ikisinzia au ikiitikia. Mtandaoni, kanuni za kompyuta za kampuni ndizo zinazochagua video ya nani iwekwe mbele ya nani. Hivyo, kabla ya kuuliza jukwaa lipi ni zuri, fanani hana budi kuuliza: ninaowasimulia ni akina nani, na wako wapi?

Msichana wa mfano wetu ana hadhira tatu. Ya kwanza ni majirani wa Ifo, ambao huhesabu kila shilingi ya bando. Hawa watafikiwa vizuri zaidi kwa WhatsApp au kwa kunakiliana, kwani video iliyokwisha kuingia simuni huweza kutazamwa mara nyingi bila gharama nyingine. Ya pili ni Wasomali walioko Eastleigh, Minneapolis, London na kwingineko. Hawa wako Facebook, TikTok na YouTube. Ya tatu ni wasomaji na walimu wa Kiswahili wanaotafuta ngano za kulinganisha. Hawa hutafuta kwa maneno, na YouTube, ambayo ilianza mwaka 2005 na kununuliwa na Google mwaka 2006, bado ndiyo inayotafutwa zaidi.

Majukwaa mbadala yanayotajwa mara nyingi yapime kwa kigezo hiki. Dailymotion ilianzishwa Ufaransa mwaka 2005, na Vimeo ilianzishwa Marekani mwaka 2004. Vimeo hutegemea zaidi ada anazolipa mtunzi kuliko matangazo, kwa hiyo humfaa anayetaka kumwonyesha mwajiri au tamasha la filamu kazi safi, na haimfai sana anayetafuta umati. Rumble ilianzishwa Kanada mwaka 2013, lakini sehemu kubwa ya hadhira yake iko Amerika ya Kaskazini na hufuatilia siasa za huko. Ngano ya Dhegdheer haitapata wasikilizaji wengi hapo. PeerTube, inayoendelezwa na chama cha Framasoft cha Ufaransa na iliyotolewa rasmi mwaka 2018, si kampuni moja bali ni programu huria. Mtu au taasisi yoyote huweza kuiweka kwenye seva yake na kuiunganisha na seva za wengine. Uzuri wake ni uhuru. Udhaifu wake ni kwamba haina umati unaosubiri, na lazima awepo mtu wa kuilipia na kuitunza seva.

Inafuata kwamba jukwaa dogo lina washindani wachache, lakini pia lina watazamaji wachache. Fanani akihamia huko lazima aende na hadhira yake, kwa kuwa hataikuta ikimngoja. Zaidi ya hayo, hadhira huweza kufungiwa mlango na serikali. Agosti 2023 serikali ya Somalia ilitangaza kupiga marufuku TikTok na Telegram. Fanani wa Ifo aliyetegemea TikTok pekee kuwafikia jamaa wa Mogadishu alijifunza siku hiyo kwamba kuwa na njia moja ni sawa na kuikosa.

4.0 Kigezo cha pili: malipo

Wengi huhama kwa ajili ya pesa. Hebu tutazame hesabu. Mwaka 2017 YouTube ilimtaka mtunzi awe ametazamwa mara 10,000 ndipo aingie katika mpango wa matangazo. Kuanzia mwaka 2018 sharti likawa wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Mwaka 2023 ilifunguliwa ngazi ya chini ya wafuasi 500 na saa 3,000, lakini ngazi hiyo ni ya kupokea michango ya watazamaji, na sharti la matangazo halikushuka. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kama ngano ni ya dakika 5 na kila mtazamaji anaitazama yote, zinahitajika mara 48,000 kwa mwaka. Kama wengi huishia katikati, zinahitajika mara 96,000. Kwa bibi na mjukuu wa Ifo, huo ni mlima.

Tuchukulie kwamba wameupanda. Kizuizi kinachofuata hakihusu ubora wa kazi. Mapato ya matangazo ya Google yakifika dola 10, kampuni hutuma barua ya posta yenye nambari ya siri ili kuthibitisha anwani, na malipo yenyewe hutolewa yanapofika dola 100. Ifo imegawanywa kwa bloku, na mkazi wake hana sanduku lake la posta. Hata pale kitambulisho kinapokubaliwa badala ya barua, swali linarudi: kitambulisho gani? Laini ya simu, akaunti ya M-Pesa na akaunti ya benki zote huanza na hati ya utambulisho. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 inatambua haki ya mkimbizi ya kufanya kazi na biashara, lakini haki iliyoandikwa na hati iliyo mfukoni ni vitu viwili tofauti. Tena, Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mapato ya maudhui ya mtandaoni ya mkazi wa Kenya, kwa hiyo anayefanikiwa kulipwa huingia pia katika hesabu za kodi.

Ni dhahiri basi kwamba kuhama jukwaa hakuondoi kizuizi hiki. Kila kampuni inayolipa itauliza jina, hati na njia ya kupokelea pesa, na baadhi hulipa watu wa nchi zilizo katika orodha yake tu. Fanani asome orodha hiyo kabla ya kupakia video ya kwanza, asingoje hadi amefikisha ya hamsini.

Fasihi simulizi ina jibu la zamani. Katika taarabu, msikilizaji aliyeguswa huinuka, akacheza hadi mbele na kumtunza mwimbaji. Pesa hutoka mkononi mwa hadhira na kuingia mkononi mwa fanani bila mtu wa kati. Jamii ya Ifo tayari inazo njia za namna hiyo: hawala, ambayo imeunganisha kambi na ndugu walioko ng'ambo kwa miaka mingi, na M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007. Watazamaji thelathini wanaomfahamu bibi, kila mmoja akimtunza kidogo kwa mwezi, huweza kumfaa kuliko matangazo ambayo hayatakuja. Kwa hiyo, katika kigezo cha malipo, hadhira ndogo inayojulikana ina thamani kuliko hadhira kubwa isiyojulikana.

5.0 Kigezo cha tatu: hifadhi

Kigezo hiki ndicho kizito kuliko vyote, na ndicho kinachopuuzwa zaidi. Google Video ilikoma kupokea video mwaka 2009 na baadaye ikafungwa kabisa. Blip, iliyopendwa na watunzi wa vipindi vya mfululizo, ilifungwa mwaka 2015. Vine, ya video za sekunde sita, ilifungwa Januari 2017. Kampuni ya LBRY, iliyoahidi kwamba kazi ya mtunzi haitaweza kufutwa na mtu, ilishtakiwa Marekani mwaka 2021 na mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji, ikashindwa mwaka 2022, na mwaka 2023 ikatangaza kufunga shughuli zake. Jukwaa la Odysee lililotokana nayo lilibidi lipate mmiliki mwingine. Baadhi ya huduma hizi zilikuwa majukwaa mbadala ya wakati wake, na kila moja ilikuwa na watu walioamini kwamba wamefika.

Wasomali wana kumbukumbu ya jambo hili katika historia yao. Mwaka 1988, jeshi la serikali lilipoushambulia mji wa Hargeysa kwa mabomu, kanda za redio zenye nyimbo na mashairi ya miaka mingi zilifukiwa ardhini ili zisiteketee, na nyingine zikavushwa mipaka. Nyingi zilifukuliwa baada ya vita na zinasikilizwa hadi leo. Watu wale walijua kwamba jengo la redio ni mahali pa kurushia sauti, na kwamba hifadhi lazima iwe mahali pengine. Akiba haiozi, lakini huwekwa na mwenyewe.

Kwa hiyo fanani wa Ifo asiihesabu video kuwa imehifadhiwa kwa sababu imepakiwa. Nakala ya asili, isiyopunguzwa ubora, iwe katika vifaa viwili tofauti, na nakala ya tatu iwe mbali na Ifo, kwa mfano kwa jamaa aliyeko Garissa au Nairobi. Simu hupotea, vumbi na joto huharibu kadi, na anayefungiwa akaunti huweza kukosa hata njia ya kuipakua kazi yake mwenyewe. Katika kila nakala yaandikwe jina la ngano, lugha, tarehe na mahali iliposimuliwa. Mambo ya msimulizi yaandikwe kwa kiasi alichokubali mwenyewe.

6.0 Mwongozo wa kujaribu jukwaa jipya

Kutokana na mjadala huu, tunapendekeza hatua zifuatazo kwa fanani mdogo:

(i) Asivunje kilichopo. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Jukwaa la zamani libaki wazi huku jipya likijaribiwa.

(ii) Atengeneze nakala mbili. Video ya dakika 5 yenye kasi ya megabiti 8 kwa sekunde huwa na megabaiti 300 hivi. Ikipunguzwa hadi megabiti 1 kwa sekunde huwa na megabaiti 38 hivi. Kubwa ihifadhiwe, ndogo ipakiwe. Kwa anayenunua bando, tofauti hiyo ni ya mara nane.

(iii) Apakie ngano zilezile katika majukwaa mawili kwa miezi mitatu. Kulinganisha ngano nzuri hapa na ngano dhaifu kule hakumfundishi kitu.

(iv) Aandike daftarini kila wiki: idadi ya watazamaji, dakika walizotazama, nchi walizoko, ujumbe waliomwandikia, gharama ya bando, na tuzo iliyopokelewa. Ujumbe mmoja wa mtu anayeuliza ngano inaendeleaje una uzito kuliko watazamaji mia waliopita kwa sekunde tatu.

(v) Asome masharti juu ya haki miliki, malipo na kufutwa kwa akaunti kabla ya kukubali.

(vi) Aombe idhini. Sura ya mkimbizi na jina la bloku lake huweza kumfikia mtu aliyemkimbia. Bibi akubali kwanza, aelezwe video itakwenda wapi, na akitaka sauti yake tu isikike bila sura, iwe hivyo.

7.0 Dhima ya mwanafunzi wa Kiswahili

Ndugu msomaji, huenda ukauliza jambo hili linaihusu vipi taaluma yetu. Linaihusu kwa njia tatu. Kwanza, mkusanyo wa fasihi simulizi ya Kaskazini Mashariki katika Kiswahili ungali mdogo, ilhali fanani wapo na wanajirekodi wenyewe. Mwanafunzi anayetumwa nyanjani kukusanya ngano huenda akazikuta tayari zimepakiwa, zikiwa zinangoja kusikilizwa kwa makini. Pili, manukuu ni kazi ya tafsiri, nayo inahitaji ujuzi. Kisomali kina vina vya mwanzo wa maneno katika mashairi yake, na kuvitia katika Kiswahili, ambacho kimezoea vina vya kati na vya mwisho, ni zoezi linalostahili tasnifu. Tatu, idara zetu zina kompyuta na wataalamu. Idara moja ikiamua kutunza nakala za fanani wadogo kwa makubaliano ya maandishi, huku haki zikibaki kwa wenyewe, itakuwa imewapa kile ambacho hakuna kampuni inayokiahidi.

Hapa tahadhari inahitajika. Mtafiti asichukue kazi ya fanani wa Ifo na kuiweka katika tasnifu kana kwamba imeokotwa njiani. Kuwa mtandaoni hakuifanyi ngano kuwa isiyo na mwenyewe. Fanani atajwe kama atakavyo, na nakala ya utafiti imrudie.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba swali la jukwaa lipi ni bora halina jibu moja, kwa kuwa linabeba maswali matatu ndani yake. Katika hadhira, jukwaa mbadala huweza kusaidia iwapo fanani anajua anaowasimulia wako wapi. Katika malipo, kikwazo kikubwa cha fanani wa Ifo ni anwani na hati, na kuhama hakukiondoi, lakini tuzo ya moja kwa moja ina nafasi. Katika hifadhi, majukwaa yote ni nyumba za kupanga. Msichana wa mfano wetu hana haja ya kuhama. Aongeze jukwaa la pili kwa ajili ya walioko ng'ambo, awape majirani nakala ndogo, na jioni ya leo, kabla ya kupakia chochote, akaiweke ngano ya bibi mahali pawili. Majukwaa yatakuja mengine, lakini bibi akiondoka hakuna wa kuisimulia upya kwa sauti ile.

Maswali ya mjadala

1. Linganisha nafasi ya hadhira katika utambaji wa ngano ana kwa ana na katika video iliyopakiwa mtandaoni.

2. "Kutunza katika taarabu na kuchangia mtandaoni ni jambo moja." Jadili.

3. Chagua ngano moja ya zimwi katika jamii yako na uilinganishe na ngano ya Dhegdheer kwa kuzingatia wahusika na maadili.

4. Pendekeza makubaliano ambayo idara ya Kiswahili ingetiliana saini na fanani kabla ya kuhifadhi kazi yake.